Daftari na Darubini: Juu ya Kutazama Majira ya Kuchipua Uingereza

Mwaka 1736, katika kijiji cha Stratton Strawless huko Norfolk, mashariki mwa Uingereza, mwenye mashamba mmoja alianza kuandika tarehe. Jina lake Robert Marsham. Sayansi haikuwa kazi yake. Alikuwa mpenda miti, mpandaji wa miti, mtu wa kuzunguka shambani mwake na kutazama. Aliandika siku mwaloni ulipofungua majani, siku chura alipoanza kulia bwawani, siku mbayuwayu wa kwanza alipokatiza hewani. Dalili alizozifuata zilifika 27, na mwaka 1789 Royal Society ya London ikazichapisha. Marsham alipofariki, jamaa zake wakalipokea daftari, kizazi kikikirithisha kingine, hadi mwaka 1958. Katika miaka hiyo zaidi ya mia mbili Uingereza ilipoteza Marekani, ikatwaa nchi za watu na kuanza kuziachia, ikapigana vita viwili vikuu, na ukoo ule mmoja ukaendelea kuuliza swali lile lile: mwaka huu mwaloni umetoa majani lini?

Hoja yangu leo ni moja, na nimeiweka juu ya daftari hilo. Watu wengi wanaokwenda mashambani Uingereza kati ya Machi na Juni huenda kuona. Wanabeba darubini na kamera, wanatafuta ndege mzuri, sungura, msitu uliotandikwa maua, na jioni wanarudi na picha. Sina ugomvi nao. Ila nasema kwamba kuona ni nusu ya kazi, tena nusu nyepesi. Nusu nzito ni kukitazama kitu cha kawaida, mahali pale pale, mwaka baada ya mwaka, na kuandika siku. Mwenye daftari, hata kama macho yake ni dhaifu na majina ya ndege anayoyajua hayafiki kumi, ataijua nchi kuliko mwenye darubini ya bei ghali anayekimbilia kila ndege adimu aliyetangazwa.

Kwanza tuelewane juu ya majira yenyewe. Kiswahili hakina jina lake la asili, nasi huazima maneno: majira ya kuchipua, machipuko. Hilo halishangazi. Masika ni mvua, kaskazi na kusi ni pepo. Kwetu mwaka huendeshwa na maji na upepo. Kule mwaka huendeshwa na mwanga. Mjini London, siku fupi ya Desemba, jua huwa juu kwa muda usiofika saa nane. Mwishoni mwa Juni hukaa zaidi ya saa kumi na sita. Karibu na Machi 21 kila siku huongeza takriban dakika nne juu ya siku iliyotangulia, jambo gumu kulifikiria kwa mtu wa Mombasa au Dar es Salaam ambaye magharibi yake haisogei hata saa moja mwaka mzima. Lakini mwanga hauko peke yake. Urefu wa siku haubadiliki mwaka hadi mwaka: Aprili 10 ya mwaka huu ina mwanga sawa na Aprili 10 ya karne iliyopita. Joto ndilo linalobadilika. Kwa hiyo viumbe wa kule wanaishi kwa saa mbili, ya mwanga na ya joto, na si wote wanaosoma saa moja. Miti mingi, wadudu na viwavi hufuata zaidi joto. Ndege anayetoka mbali, aliye maelfu ya kilomita kusini, hawezi kujua kama Norfolk kumepata joto mapema. Yeye huondoka kwa saa iliyo mwilini mwake na kwa urefu wa siku. Mengi nitakayoyasema yanatokana na tofauti ya saa hizi mbili.

Sasa tuusogelee ua. Kiswahili kina bahati hapa, maana ua la mti na ua wa shamba ni neno moja, na mashambani Uingereza vitu hivi viwili hukutana: mipaka ya mashamba ni nyua za miti hai, na ua ndio unaochanua ua. Miti miwili hutawala nyua hizo, yote miwili ina miiba na yote miwili hutoa maua meupe ya petali tano, kiasi kwamba anayepita kwa gari huona weupe tu na kusema machipuko yamefika. Aliyeshuka garini na kusimama ataona zaidi. Ule wa kwanza, Prunus spinosa, jamaa wa mplamu, huchanua Machi na Aprili juu ya tawi tupu. Gome ni jeusi, jani hakuna, na ua limekaa moja kwa moja juu ya mti kama chembe ya pamba iliyonaswa na mwiba. Wa pili, Crataegus, hutanguliza majani, madogo ya kijani kibichi yenye kingo zilizokatika, na maua hufuata baadaye kwa vishada. Harufu yake ni tamu ukiwa mbali. Ukilisogeza ua puani utakuta ndani yake kitu kama nyama iliyoanza kuoza, na labda ndiyo sababu wazee wa vijijini walikataza tawi lake lisiingizwe nyumbani.

Mti huo wa pili Waingereza huuita kwa jina la mwezi: Mei. Lakini mwezi wenyewe ulihama. Mwaka 1752 nchi ilipobadili kalenda, watu walilala usiku wa Septemba 2 wakaamka Septemba 14. Siku kumi na moja zikafutwa. Mei mosi ikasogea nyuma ukilinganisha na jua, nao mti, usiosoma matangazo ya Bunge, ukaendelea kuchanua kwa wakati wake, ukaachwa nyuma ya sikukuu iliyokuwa ikipambwa kwa maua yake. Siku hizi joto limeurudisha mbele, na kusini mwa nchi si ajabu kuuona mweupe Aprili. Hayo yote yamo katika swali dogo la ua moja limefunguka tarehe ngapi, na hakuna picha, hata iwe nzuri vipi, itakayolijibu ikiwa haina tarehe na haina picha ya mwaka uliotangulia ya kulinganishwa nayo.

Ushahidi mkubwa zaidi ulitolewa mwaka 2022 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge na wenzao. Walikusanya taarifa zaidi ya 400,000 za siku mimea ilipochanua, mimea ya aina 406, taarifa za zamani kabisa zikianzia mwaka 1753. Zilitoka katika hazina iitwayo Nature's Calendar, inayotunzwa na Woodland Trust, ambamo tarehe za wakulima wa bustani, walimu, makasisi na wastaafu zimewekwa pamoja. Walipogawa miaka katika mafungu mawili, ile ya kabla ya 1987 na ile ya 1987 hadi 2019, walikuta kwamba ua la kwanza sasa hufunguka mapema kwa wastani wa karibu mwezi mmoja. Mwezi mzima! Na hakuna hata mmoja kati ya watu wale aliyeuona mwezi huo ukipotea. Kila mmoja aliona ua lake, akaandika, akaenda kunywa chai. Mabadiliko ya namna hii hayaonekani kwa jicho. Huonekana katika safu ya tarehe, nazo tarehe huandikwa na watu wavumilivu wasiojua zitakuja kumfaa nani.

Mtu makini ataniuliza hapa: je, tarehe za watu wasio wataalamu zinaaminika? Swali hili ni la haki, na sehemu yake moja ni kweli tupu. Wachunguzi wakiongezeka, uwezekano wa mmoja wao kumwona mbayuwayu wa kwanza mapema huongezeka pia, hata kama mbayuwayu hawajabadili tarehe yao. Watu hutembea zaidi Jumamosi na Jumapili, kwa hiyo ndege wengi "hufika" Jumamosi. Ndege wa kwanza, isitoshe, ni mtangulizi tu, hawasemei wenzake. Yote hayo nayakubali. Lakini tazama yanatufikisha wapi. Mti hauhami: mwaloni ulio mbele ya dirisha la jikoni hutazamwa Jumatatu kama Jumapili, na aliyeutazama miaka thelathini ana kipimo ambacho maabara haiwezi kukinunua. Katika mkoa wa Surrey, Jean Combes aliandika siku za majani ya miti ya aina nne tangu miaka ya 1940, kazi aliyoianza akiwa mtoto, na watafiti wa tabianchi wakaja kuziomba tarehe zake. Makosa ya mtu mmoja mmoja nayo hayaelekei upande mmoja. Huyu hukosea kwa kuwahi, yule kwa kuchelewa, na wakiwa maelfu makosa yao hupunguzana nguvu. Tena Uingereza ina kipimo cha joto cha maeneo ya kati ya nchi kinachoanzia mwaka 1659, cha kuzipimia tarehe hizo, na miaka ya joto ndiyo miaka ya majani ya mapema. Pingamizi hili basi halilifuti daftari. Linadai liandikwe vizuri zaidi: mahali pale pale, saa ile ile, na siku ambayo hakuna kilichoonekana iandikwe pia.

Pingamizi la pili ni la watu wachangamfu. Wanasema: machipuko yakiwahi kuna ubaya gani? Maua mapema, joto mapema, kilio cha nini? Jibu liko katika msitu wa Wytham, nje kidogo ya Oxford, ambako tangu mwaka 1947 watafiti wamefuatilia masanduku ya viota yaliyotundikwa mitini. Ndani yake hutaga ndege mdogo wa kichwa cheusi, mashavu meupe na kifua cha manjano chenye mstari mweusi katikati kama tai, ambaye wataalamu humwita Parus major. Makinda yake hulishwa viwavi, hasa wa nondo wanaokula majani ya mwaloni yakingali laini. Jani la mwaloni likikomaa huwa gumu na chungu, na kiwavi aliyechelewa hudhoofika. Kwa hiyo mwaloni huwapa viwavi majuma machache, na viwavi huwapa makinda majuma hayo hayo. Ndege wa Wytham sasa hutaga takriban majuma matatu mapema kuliko babu zao wa miaka ya 1940, na kwa kiasi kikubwa wameweza kwenda sambamba na viwavi, kwa sababu wao hukaa pale pale mwaka mzima na huhisi joto linavyopanda. Anayeumia ni msafiri. Kuna ndege mweusi na mweupe, mkamata nzi, anayekaa Afrika Magharibi wakati wa baridi na kuzaa katika misitu ya mialoni ya Wales na magharibi mwa Uingereza. Yeye huondoka kwa saa ya mwanga na kufika katika msitu unaokwenda kwa saa ya joto, mfano wa mgeni aliyealikwa chakula cha mchana akafika vyombo vikioshwa. Upande wa maua hasara ni rahisi kueleweka: mti wa tufaha ukichanua mapema, usiku mmoja wa jalidi unatosha kuua matunda kabla hayajaanza kuitwa matunda.

Wapo pia wanaosema kwamba nawanyima watu furaha, kwamba msisimko wote uko katika kumwona ndege asiyeonekana. Kila machipuko upepo huwasukuma ndege wa kusini mwa Ulaya wakavuka bahari kwa makosa, na habari zikitoka watu huendesha gari usiku kucha kwenda kumwona mmoja wao kichakani. Nauelewa msisimko huo. Lakini ndege huyo anatueleza juu ya upepo wa juzi, basi. Kuhusu Uingereza hana la kusema. Ukitaka kujua hali ya nchi, uliza habari za kipozamataza, ambaye hupanda angani juu ya shamba la ngano akiimba bila kutua, au za hua wadogo wanaotoka Afrika Magharibi, ambao zamani walikuwa wa kila kijiji cha kusini na sasa wamepungua kwa zaidi ya asilimia 95 tangu miaka ya 1970. Tunajua hivyo kwa sababu watu walikubali kuwahesabu walipokuwa wengi na wasio na mvuto. Tangu mwaka 1994 shirika la British Trust for Ornithology limekuwa likiwagawia watu wa kujitolea vipande vya ardhi vya kilomita moja kwa moja, vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu. Unaweza kupangiwa bonde zuri. Unaweza kupangiwa shamba la viazi kandokando ya barabara kuu. Huruhusiwi kubadilisha. Unapita njia zile zile mara mbili kila machipuko na kuandika kila ndege uliyemwona au kumsikia. Mimi naona uzuri wote wa kazi hiyo uko katika lile shamba la viazi.

Wala si kweli kwamba mwenye kurudia hukosa msisimko. Chukua sungura wa Machi. Mashambani huonekana wakisimama kwa miguu ya nyuma, wawili wawili, wakipigana makofi mpaka manyoya yanaruka, na kwa muda mrefu watu walishikilia kwamba ni madume wanaogombea jike. Waliokaa kwenye baridi wakatazama wamegundua kwamba mara nyingi mmoja wa hao wawili ni jike, anayemwambia dume kwa makofi kwamba wakati bado. Gilbert White, kasisi wa Selborne huko Hampshire aliyeandikiana barua na Marsham, alitenganisha aina tatu za ndege wadogo wa kijani ambao kwa macho ni kama pacha. Alizitenganisha kwa kuisikiliza milio yao msimu hadi msimu, mmoja ukiwa chif-chaf, chif-chaf, mwingine ukiteremka kama maji ngazini. White huyo huyo, pamoja na umakini wake, hakuacha kudhani kwamba huenda baadhi ya mbayuwayu hawasafiri bali hujificha mashimoni wakati wa baridi. Hakuwa mjinga, ushahidi wa safari haukuwapo. Ulikuja mbayuwayu aliyevishwa pete mguuni Staffordshire Mei 1911 aliponaswa Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912.

Pingamizi moja nalikubali karibu lote: watazamaji wenyewe huharibu. Maua ya buluu ya umbo la kengele, ambayo karibu nusu ya yote yaliyoko duniani yamo katika visiwa vya Uingereza, huchanua Aprili na Mei kabla majani ya miti hayajafunga mwanga usifike chini. Mtu akiingia katikati yao kupiga picha, majani aliyoyakanyaga hayawezi tena kulisha tunguu lililo ardhini, na mmea huchukua miaka kurudi. Ndege watagao chini hukimbia viota mbwa akipita, ndiyo maana katika maeneo ya wazi yaliyofunguliwa kwa umma sheria inataka mbwa afungwe kamba fupi kuanzia Machi 1 hadi Julai 31. Hapa tena daftari lina nafuu kuliko kamera, kwa kuwa tarehe huandikwa ukiwa umesimama njiani.

Nimemwacha mwisho ndege anayetuhusu zaidi. Waingereza wamempa jina la sauti yake, kuku-kuu. Vitabu vyetu humwita kekeo. Jike huteleza kwenye kiota cha ndege mwingine, hutaga yai kwa muda wa sekunde kumi hivi, na kuondoka moja kwa moja. Yanayofuata yalielezwa mwaka 1788 na Edward Jenner, daktari ambaye baadaye aliipa dunia chanjo ya ndui: kinda la kekeo, likiwa bado kipofu na uchi, hujiweka chini ya yai au kinda la mwenye nyumba, hulibeba mgongoni penye kijishimo, na kulisukuma mpaka ukingoni likaanguka nje. Wengi walimcheka Jenner, wakiamini kazi hiyo hufanywa na mama. Yeye alikuwa amekaa akatazama.

Kekeo wamepungua Uingereza kwa zaidi ya nusu, na tangu 2009 wamo katika orodha nyekundu ya ndege walio hatarini. Mwaka 2011 wachunguzi waliwafunga madume watano wa Norfolk, mkoa wa Marsham, vifaa vidogo vya setilaiti mgongoni. Ikabainika kwamba kekeo wakubwa, wafikao mwishoni mwa Aprili, wengi wao huanza kuondoka Juni. Huyu anayehesabiwa kuwa sauti ya machipuko ya Uingereza hukaa huko kama miezi miwili. Wengine hushuka kupitia Italia, wengine Hispania, na wa njia ya Hispania hufa zaidi kabla ya kuvuka Sahara. Njia zote mbili huishia katika misitu ya bonde la Kongo. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba habari hizi za nyua na mialoni ni anasa za wazungu, na kwamba msomaji wa Kiswahili hazimhusu, ajue kwamba ndege huyo hukaa Kongo muda mrefu kuliko anaokaa Norfolk. Mapema mwaka mpya huondoka, hupumzika Afrika Magharibi, kisha hulikabili jangwa kuelekea kaskazini. Tarehe ya kufika kwake Norfolk imeandikwa tangu zama za Marsham. Tarehe ya kuondoka kwake Kongo tumeijua juzi tu, kwa setilaiti. Na aliye kule akitaka kuiandika kwa mkono wake ana kazi kuliko Marsham, kwa sababu kekeo akiwa Afrika karibu haiti kabisa. Hukaa kimya juu ya miti, ndege wa kijivu mwenye tumbo la mistari, anakula viwavi.